Mashine Isiyotoa Pete Mbili

Gereji ya yule Mzee wa Mansfield ilijengwa itoshe magari mawili, lakini ndani hamkuwa na gari. Mlikuwa na stesheni.

Sisemi picha ya stesheni. Nasema benchi la mbao la abiria, taa mbili za mafuta, ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto, bendera zilizokunjwa vizuri, kofia iliyoliwa na nondo, saa ya ukutani isiyotembea, na bango refu jeupe lenye jina la kijiji kimoja cha Uingereza ambacho hata Waingereza wenyewe, kwa maneno ya Mzee, hawakijui. Siku ya kwanza ofisi ya wakala wa kazi ya Arlington, huku Texas, iliponituma kwake, nilidhani nimepelekwa kwa mtu aliyerukwa na akili.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Ninawaogesha, ninawapa dawa kwa saa yake, ninawapikia uji wa shayiri na kuwasikiliza. Shule yangu iliishia darasa la sita, na hapa nitaeleza kwa nini, na nitasema ni nani aliyeikatiza. Majina sitataja kwa sababu watu hao wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini cheo cha kila mmoja nitakitaja. Wakisoma watajijua.

Mimi mwenyewe nilizaliwa stesheni. Si mji wenye stesheni, stesheni yenyewe: jengo moja la mawe, tangi la maji, na landi, yaani vyumba vya safu ambavyo reli ilijengea wafanyakazi wake. Mbele reli, nyuma mashamba ya mkonge. Baba yangu alikuwa mtu wa pointi. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo ili treni iingie kwenye reli inayofaa, kuwasha taa jioni, na kumpelekea dereva pete.

Hiyo pete lazima niieleze, maana bila hiyo hutanielewa. Njia yetu ilikuwa moja. Treni ya kwenda na ya kurudi zilitumia reli ile ile, zikipishana stesheni tu. Kwa hiyo dereva hakuondoka mpaka apewe kipande cha chuma kilichotolewa kwenye mashine ofisini kwa stesheni masta. Kipande hicho kilitiwa kwenye mfuko wa ngozi wenye duara kubwa la chuma, ili dereva alidake kwa mkono treni ikitembea. Sisi watoto wa landi tuliliita pete, na hata kile kipande cha ndani tukakiita hivyo hivyo. Dereva mwenye pete ndiye mwenye njia mpaka stesheni inayofuata. Asiye nayo anangoja, hata kama amembeba waziri.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa nikirudi kutoka kwa nyanya yangu kwa treni ya abiria. Tulikuwa tumebakisha kona moja tufike nyumbani. Nilikuwa nimesimama nikichungulia nje, nikitaka niwe wa kwanza kuliona tangi letu la maji. Sikuliona. Treni ya mizigo iliyotoka stesheni yetu ilitukuta pale konani, uso kwa uso.

Watu waliokufa sitawahesabu hapa. Mimi nilitolewa nikiwa na mguu uliovunjika mara tatu, na mpaka leo ninatembea kama mtu anayeshuka ngazi moja ambayo wengine hawaioni. Nilikaa hospitali muda mrefu. Niliporudi, landi hatukuwa nayo tena. Baba alikuwa amefukuzwa. Mkaguzi wa reli alikuwa ameandika kwamba mtu wa pointi, kwa ujinga wake, stesheni masta akiwa ameenda chooni, alitoa pete ya pili kwenye mashine akampa dereva wa mizigo. Dereva wa mizigo alikuwa marehemu. Nani angebisha?

Baba alibisha. Alibisha miaka yote iliyobaki, kwa sentensi moja tu. "Mashine haitoi pete mbili." Aliisema akipalilia, aliisema akilewa, aliwaambia watu wasioijua hata mashine yenyewe. "Masta aliandika karatasi. Mimi nikaipeleka. Mashine haitoi pete mbili." Watoto wa kijiji tulichohamia waliigeuza wimbo, wakawa wananiimbia nikipita na mguu wangu. Na mimi, hapa nasema bila kujificha, nilimchukia. Niliona ni mtu aliyeua watu, akanivunja mguu, akanitoa shule, na bado hawezi kusema samahani. Alipokufa nilikuwa kijana. Nilisimama mbali na kaburi, sikutupa udongo. Mama aliniona. Hakuniuliza kitu, lakini tangu hapo, kila tunapoongea, huwa anamaliza kwa kunikumbusha kwamba majani yameota pale.

Sasa turudi Mansfield, siku ya tatu.

Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Kutoka gereji nikasikia: ting. Mlio mmoja, mkavu, kama kijiko kikigonga glasi lakini wenye uzito. Mwiko ukaniponyoka. Nilikuwa sijausikia mlio huo kwa zaidi ya miaka arobaini, na miguu yangu ilikwenda yenyewe.

Mzee alikuwa ameketi mbele ya kitu alichokuwa amekifunika kwa blanketi siku zote. Sasa blanketi lilikuwa chini. Mashine. Chuma cha rangi nyekundu kinachonifika kifuani, kitufe cha shaba mbele, kengele juu ambayo Mzee alikuwa ameigonga kwa ukucha, na ufa wa wima ambamo zile pete hupangwa moja juu ya nyingine.

"Umeunguza uji," akasema bila kugeuka.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Unaijua?"

"Nimelala chumba kilicho ukuta mmoja na hii."

Akageuka na kiti chake. Ni mtu wa miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu, lakini siku hiyo aliniangalia kama ananiona hadi ndani. "Hii haijawahi kufika Afrika," akasema.

"Basi ina ndugu yake."

Akacheka mpaka nikaogopa kifua chake. Nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa pointi. Mengine nikayameza. Tangu siku hiyo sikuwa tena mtu wa kutunza wazee nyumbani mle. Nilikuwa mtu wa reli mwenzake, na mambo ya kuoga yalifanywa haraka ili tuwahi gereji.

Mzee alikuwa akiandika historia ya stesheni yake. Alikuwa na jalada nene kama mto wa kulalia. Macho yalipomshinda, mimi ndiye niliyeshika kioo cha kukuza maandishi huku akisoma kwa sauti, na Kiingereza changu cha kuokoteza kazini kikakua kwa kasi. Nilianza kwa kumvumilia, nikaishia kushangaa.

Fikiria stesheni ndogo kuliko yetu, katikati ya malisho ya kondoo. Bwana mwenye ardhi hakutaka moshi karibu na nyumba yake, kwa hiyo reli ilipigwa mbali, na wanakijiji wakatembea kwenye matope kufikia stesheni yenye jina la kijiji chao. Hawakumsamehe. Yaliandikwa yote: bendi iliyopiga siku treni ya kwanza ilipokuja na mvua ikanyesha ndani ya tarumbeta; makopo ya maziwa yaliyopangwa alfajiri, na ya nani yalivuja; watoto walioletwa kutoka mjini wakati wa vita wakiwa na vibandiko vya majina shingoni, na mmoja wao akakataa kushuka mpaka aonyeshwe ng'ombe. Kulikuwa na bustani ya maua iliyoandikwa jina la stesheni kwa mawe meupe, na ugomvi wa miaka na stesheni ya jirani juu ya nani mwenye maua mazuri. Walijua hata paka wa ofisini alizaa mara ngapi.

"Mzee," nikamwambia, "kwetu hata watu hawakuandikwa hivi."

"Waandike wewe."

"Mimi wa darasa la sita?"

"Baba yangu alisoma mpaka darasa gani, unafikiri?"

Baba yake ndiye aliyekuwa akiendesha mashine. Na hadithi kubwa ya stesheni ile, ile aliyoirudia mara nyingi kuliko zote, ilikuwa hii. Siku moja ya ukungu mtu mkubwa wa wilaya alikuwa ndani ya treni, anawahi mkutano. Mashine ikakataa kutoa pete, kwa sababu yule wa stesheni ya pili alikuwa hajaitika. Mtu mkubwa akashuka, akapiga fimbo chini, akasema njia ni tupu, kila mtu anaona njia ni tupu, niandikie karatasi badala ya pete twende. Baba yake Mzee akasema hapana. Akatishiwa kazi. Akasema hapana, akamletea kiti. Mtu mkubwa alikaa kwenye benchi lile lile lililoko gereji, muda wa kutosha kuvuta kiko mara mbili. Kisha kengele ikalia, pete ikatoka, treni ikaenda. Ule ukungu ulipoondoka ikaonekana kwamba njia ilikuwa tupu kweli.

"Basi mtu mkubwa alikuwa sahihi," nikasema.

"Alikuwa sahihi," Mzee akasema, "na baba akapewa barua ya shukrani. Iko hapa. Shika kioo."

Nilishika kioo, lakini maneno sikuyaona, maana macho yalikuwa yamejaa. Kwao aliyemkatalia mkubwa aliandikiwa barua. Nikafunga jalada nikamwambia Mzee yote: kona, mguu, mkaguzi, kaburi. Nilimaliza kwa kumweleza kile kilichoandikwa juu ya baba, kwamba alitoa pete ya pili.

Mzee alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Haiwezekani," akasema. "Mashine haitoi pete mbili."

Aliisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesema maji hutiririka kwenda chini. Neno kwa neno, sentensi ya baba yangu. Ile iliyofanywa wimbo wa kunicheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye nyasi. Ng'ambo ya barabara treni ya mizigo ya Texas ilikuwa ikipita, ile ndefu isiyokwisha, ikipiga honi, na nilisimama mpaka behewa la mwisho.

Niliporudi nilikuwa na hasira naye. Ndiyo, naye. "Wewe unasema tu," nikamwambia. "Baba naye alisema tu. Nionyeshe."

"Moja haiwezi kukuonyesha. Mashine hizi ni mbili, moja kila stesheni, na waya katikati. Ndugu yake yuko Stafford, karibu na Houston."

Mzee alikuja Marekani kwa kazi ya mabomba ya mafuta ya Houston. Stesheni yao ilikuwa imeshafungwa. Aliwataja waliohusika bila kupepesa macho, kama mimi: mwenye malori aliyechukua maziwa, wakubwa wa London waliofunga njia kwa kupiga mstari wa rula kwenye ramani, na wanakijiji wenyewe, walionunua magari halafu wakalia siku ya treni ya mwisho. Baba yake aliendelea kupaka chokaa ukingo wa jukwaa wiki nyingi baada ya reli kung'olewa. Alikufa amezificha mashine zote mbili kwenye banda la nyasi, na mwanawe akazipakia kwenye kontena pamoja na vitanda. Alipohamia Mansfield alibeba moja tu. Ya pili ilibaki kwenye nyumba ya Stafford anakoishi binti yake.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa mjukuu wake huko. Mzee akatangaza kwamba tutakwenda, na mashine nayo itakwenda.

Niliazima pikapu kwa jirani. Mke wangu, ambaye ni nesi, alitoka shifti akapita kunisaidia kupakia. Chuma kile ni kizito kama gunia la mahindi lililojaa.

"Baba watoto, ndani yake kuna nini?"

"Baba yangu."

Akaniangalia, akaona sitanii. Akakunja mikono. "Haya shika huko. Nimeinua wazito kuliko huyu, na wao walikuwa wananitukana."

Kutoka Mansfield mpaka Stafford ni mwendo wa nusu siku ukihesabu vituo vya choo vya Mzee, na Mzee hakukosa hata kimoja. Njiani alinifundisha lugha ya kengele: mlio mmoja ni kumwita mwenzako, anaitika kwa mmoja, kisha unamwomba njia. "Huwezi kujipa mwenyewe," akaniambia. "Lazima mwenzako wa mbali abonyeze kitufe huku wewe unavuta. Mashine inataka watu wawili wakubaliane." Mimi nilishika usukani kwa nguvu. Nilikuwa naogopa. Kama mashine ingetoa pete mbili, basi ningekuwa nimemchimbua baba na kumzika mara ya pili kwa mkono wangu. Na kama haitoi? Hilo nalo lilinitisha, kwa sababu yangu mwenyewe.

Binti yake alitupokea mlangoni na kisu cha keki mkononi. "Baba, kwani hayo machuma hayajafa?"

"Yamefunga safari kuja kumwona ndugu yao," Mzee akasema. "Tupishe."

Akatupisha. Gereji yake ilikuwa na baiskeli, mti wa Krismasi ndani ya boksi, na nyuma kabisa, chini ya mazulia, mashine ya pili. Tuliziweka moja ukuta huu na moja ukuta ule. Mzee akaniambia niunganishe waya na betri, akinielekeza kwa kidole kwa sababu haoni vizuri. Waya wenyewe mwembamba, kama wa kuchajia simu. Nikauangalia. Huu tu? Maisha ya treni nzima yalikuwa yakitembea juu ya huu?

"Nenda ile ya kule," akasema. "Piga mmoja."

Nikabonyeza. Kengele ya kwake ikalia: ting. Akaitika, ya kwangu ikalia. Nikaomba njia. Akashika kitufe chake. "Vuta."

Nikavuta, na pete ikatoka laini kabisa, ikanilalia kiganjani, baridi, na majina ya stesheni mbili yamechongwa juu yake. Kwenye uso wa mashine kishale kikageuka kuonyesha njia imeshikwa.

"Sasa una njia," Mzee akasema. "Treni ya abiria imeondoka kwako, wewe mtoto umo ndani. Weka pete mfukoni. Uje hapa kwangu. Hapa ndipo kwa baba yako. Vuta ya pili."

Nilitembea hatua zile chache za gereji ya Stafford na mguu wangu mbovu. Nikaishika pete ya juu kwenye mashine yake. Nikavuta. Haikusogea. Nikamwambia binti yake aliyekuwa mlangoni ashike kitufe kule. Akaweka kisu chini, akaenda akakishika, akakikandamiza kwa vidole vyote. Nikavuta. Haikusogea. Nikaweka goti kwenye chuma nikavuta kwa mikono yote miwili mpaka bega likalia. Nikarudi ile ya kule, nikavuta nayo. Haikusogea. Nikapiga kwa ngumi. Binti akasema, "Utaumia." Nikavuta tena, na tena, na nadhani nilikuwa nikisema maneno kwa lugha yetu, maana Mzee alinyoosha mkono akanishika mkanda wa suruali.

"Basi," akasema. "Basi, mwanangu. Hata farasi hataitoa."

Nilikaa chini kwenye simiti, kati ya zile mashine mbili. Sijui kukueleza vizuri. Nimeingia makanisa makubwa ya huku, yenye taa na skrini, na sikuwahi kuhisi vile nilivyohisi pale karibu na mti wa Krismasi ulio ndani ya boksi. Watu ambao sikuwajua walikaa zamani wakafikiria: mtu atachoka, atasinzia, ataogopa mkubwa wake, atadanganya. Basi tutengeneze chuma kisichoogopa mtu. Na wakakitengeneza. Wakakipeleka kwenye malisho ya kondoo na kwenye mashamba ya mkonge, kile kile, ili mtoto asiyejulikana na yeyote aweze kuchungulia dirishani akitafuta tangi la maji. Kilifanya kazi yake. Siku ile konani kilikuwa kimefanya kazi yake. Kilikataa. Ni watu waliozunguka nyuma yake.

"Inapokufa kabisa," nikamuuliza, "betri ikiisha, waya ukikatika?"

"Wanatumia karatasi. Lakini karatasi inaandikwa na stesheni masta kwa mkono wake, na saini yake. Mtu wa pointi haruhusiwi. Baba yako alikuwa na mwandiko mzuri?"

"Baba yangu alikuwa anaweka kidole gumba."

 

Kwa hiyo sasa niwataje, kwa yale mama aliyoyasikia kwa baba akaniambia, nami nikakataa kuyaamini. Stesheni masta: ulipigiwa simu na mkubwa mwenye saruji kwenye mabehewa ya ile treni ya mizigo, ukaona treni ya abiria huchelewa kila siku, basi leo pia itachelewa. Mashine ikakukatalia pete, ukaandika karatasi, ukampa mtu asiyejua kusoma. Mwaka uliofuata ukapandishwa cheo. Mkaguzi: uliandika kwamba pete ya pili ilionekana kwenye mabaki, na hakuna jicho lililoiona. Wewe ulijua mashine hiyo kuliko mimi. Katibu wa chama cha wafanyakazi: ulikuja landi, ukanywa chai ya mama, ukamwambia baba atulie, utalishughulikia, ukaondoka na ukimya wako. Na ninyi majirani wa landi, watu wa reli wote, mliokuwa mkisikia sentensi ile na mkijua ni kweli kama mnavyojua jua: mlilinda vyumba vyenu. Na mimi. Mtoto wa mtu wa pointi, niliyelala ukuta mmoja na mashine. Ningeweza kuuliza mtu yeyote wa reli. Sikuuliza. Chuki ilinitosha.

Baba naye alikosa. Alipewa karatasi, akauliza, "Bwana masta, na pete?" akaambiwa nenda, akaenda. Hakumletea mkubwa kiti. Nilifikiria hilo nikiwa nimekaa pale kwenye simiti, nikaona yule Mwingereza alikuwa na watu ambao wangeandika barua yake. Baba alikuwa na mke, watoto watano, na chumba kimoja kisicho chake. Hilo kosa namwachia.

Tulilala Stafford. Jumapili asubuhi, kabla wengine hawajaamka, nilisimama nje karibu na pikapu nikampigia mama. Kule ilikuwa alasiri, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kupokea kina mama wa kikundi cha kanisa. Niliwasikia nyuma yake wakicheka na vikombe.

"Umekula?" akauliza, kama kawaida.

"Mama, nimeivuta ile mashine."

"Mashine gani?"

"Ya pete. Ziko mbili huku, kuna mzee anazo. Nimetoa moja. Ya pili imekataa."

Vikombe vikaendelea nyuma yake.

"Umevuta wewe, kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Ulivuta kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zote, mama. Na goti. Na mtu akibonyeza kule. Mashine haitoi pete mbili."

Nilisikia akipumua. Kisha akasema, si kwangu, "Nyamazeni kidogo." Kisha simu ikabadilika sauti, nikajua ameiweka mezani isikike na wote. "Sema tena," akaniambia. "Sema kwa sauti. Hapa wapo wawili wa landi."

Nikasema. Nilisema sentensi ya baba yangu kwa sauti kubwa kwenye barabara tulivu ya Stafford, hata mbwa wa jirani akabweka. Upande wa pili hakuna kijiko kilichogonga kikombe. Kisha sauti ya mama mmoja, nzee, ambayo niliitambua, ya mke wa mtu wa pointi mwenzake na baba, ikasema polepole, "Mwenzangu, hilo sisi tulikuwa tunalijua."

"Najua mlikuwa mnajua," mama akasema. "Maliza chai yako."

Akachukua simu, akatembea nayo; nilisikia mlango, kisha kuku. Nikangoja anilaumu. Nilikuwa tayari.

"Majani yameota pale," akasema.

"Nakuja, mama. Nitayang'oa mwenyewe."

"Jembe lake lipo," akasema. "Sikulitoa."

Niliporudi gereji Mzee alikuwa ameshaamka, ameketi na blanketi magotini, mkono ameunyoosha kama anayedai. Nilikuwa nimelala na pete yake mfukoni bila kukumbuka. Nikaitoa.

"Irudishe," akasema. "Ikikaa nje, hakuna treni inayopita."

Nikairudisha. Kishale kikageuka. Nikapiga mlio mmoja, na kule ukutani kengele ya mashine ndugu yake ikaitika.